LUMBESA YA SAA ZA VIJANA

Hakuna mkulima wa viazi wa Njombe asiyeijua lumbesa. Mnunuzi huja shambani na gunia lake, gunia likajazwa mpaka mdomoni, kisha juu yake likaongezwa rundo jingine, likafungwa kwa kamba mfano wa kilemba, na mzigo wote huo ukahesabiwa kuwa ni gunia moja. Sheria ya vipimo imeikataza biashara hiyo, na viongozi wameipigia kelele kwa miaka mingi, maana humnyang'anya mkulima jasho lake mchana kweupe, tena huku yeye mwenyewe akisaidia kukaza kamba.

Leo twapenda kuandika juu ya lumbesa nyingine. Hii haifungwi shambani wala haipandishwi kwenye lori. Hufungwa usiku, ndani ya nyumba zetu, chini ya blanketi, na wanaoifunga ni watoto wetu wa kidato cha pili, cha tatu na cha nne. Kijana husema, "Natazama simu dakika tano tu." Dakika tano hizo ndizo gunia. Saa mbili zinazofuata ndizo kilemba.

Kwanza yafaa tuseme kweli juu ya simu yenyewe, kwa sababu hatupendi kuhesabiwa pamoja na wale wanaolaani kila kitu kipya. Makambako ni mji uliokuzwa na mawasiliano. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ina stesheni hapo. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hupita hapo, na hapo ndipo inapoachana nayo barabara ya kwenda Njombe na Songea. Watu wa mji kama huo hawawezi kuambiwa kwamba kupashana habari ni kosa. Dereva wa lori humjulisha mkewe kwamba amevuka salama milima. Mpasua mbao huitwa kazini kwa simu. Mama mwenye viazi huuliza bei ya Dar es Salaam kabla hajakubali bei ya dalali aliyesimama mbele yake. Tangu huduma ya kutumiana fedha kwa simu ilipoanza nchini mwaka 2008, kijana aliye kazini mbali ameweza kumsaidia mzazi wake siku ile ile. Kabla ya hapo fedha zilitiwa katika bahasha akapewa kondakta wa basi, na bahasha nyingine hazikufika.

Mwishoni mwa mwaka 2023 laini za simu zilizokuwa zikitumika Tanzania zilipita milioni 70, ilhali sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu wasiozidi milioni 62. Chombo kilichoenea kiasi hicho hakirudi kilikotoka, wala sisi hatuombi kirudi. Kwa mfanyakazi na mkulima, simu ni jembe. Lakini jembe lina mpini, na mpini una mwenye kuushika. Swali letu la leo ni hili: katika mkono wa mtoto wa miaka kumi na mitano, ni nani hasa anayeushika mpini?

Tulikuwa Njombe mwezi wa Julai, wakati ule ambapo baridi huwafanya watu wafunge milango mapema na kulikumbatia jiko la mkaa. Sokoni tulizungumza na mama mmoja auzaye viazi na njegere. Mwanawe yuko kidato cha nne katika shule ya kata. Kwa kuwa shule iko mbali na nyumbani, kijana huyo anakaa katika chumba cha kupanga pamoja na wenzake wawili, kama wafanyavyo wanafunzi wengi wa vijijini.

"Ndugu yangu," alituambia, "simu ile nilimnunulia mimi mwenyewe. Niliuza nguruwe. Nilisema moyoni, nijue kama amefika, kama ameugua, kama amekula. Usiku nikimpigia anapokea upesi, nami nalala nikishukuru. Kumbe anapokea upesi kwa sababu halali."

Habari hiyo aliipata kutoka kwa mwalimu wa darasa, ambaye naye alimpigia simu. Kijana aliyekuwa miongoni mwa watano wa kwanza alikuwa ameteremka mpaka katikati ya darasa, na asubuhi alikuwa akisinzia katika kipindi cha kwanza. Mtihani wa Taifa ni mwezi wa Novemba. Mama yule hakuwa akilia. Alikuwa akipanga viazi vyake katika mafungu, akasema, "Nguruwe nimeuza, na mtoto naona naye anauzwa."

Tulionana na kijana mwenyewe jioni ile. Alitusalimu vizuri, "Shikamoo, mzee," wala hakukataa neno. "Mzee, si kwamba sisomi. Kitabu nakifungua. Simu ikilia natazama ni nani. Nikimaliza kumjibu naona video, nikimaliza hiyo inakuja nyingine. Nikitazama saa, ni saa saba usiku, na kitabu kiko pale pale nilipokifungulia." Tulimwuliza kama alikuwa akifurahi muda wote huo. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Hapana. Mara nyingi nakuwa nimeshachoka. Lakini siachi."

Maneno hayo mawili, "lakini siachi," ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu. Mtu afanyaye jambo asilolifurahia tena, na bado haachi, hawezi kuambiwa kwamba anacheza. Huyo anafanya kazi. Basi twaulize, anamfanyia kazi nani, na ujira wake uko wapi?

Jibu halikufichika. Mitandao ya kijamii haimtozi mtu kiingilio, na kwa hiyo wengi hudhani kwamba ni zawadi. Kampuni ya Meta ya Marekani, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, ilipata mwaka 2023 mapato ya zaidi ya dola bilioni 130, na karibu fedha zote hizo zilitokana na matangazo ya biashara. Mwenye kutangaza hulipia macho ya watu. Kadiri macho yanavyokaa muda mrefu mbele ya kioo cha simu, ndivyo matangazo yanavyoweza kupitishwa mengi zaidi. Bidhaa inayouzwa sokoni humo, kwa hiyo, ni muda wa mtazamaji. Mkulima wa viazi aliyepunjwa kwa lumbesa hupata angalau bei ya gunia moja. Kijana wetu hapati hata senti, na zaidi ya hayo hununua bando kwa fedha ya mama yake ili apate nafasi ya kupunjwa.

Wala tusidhani kwamba haya yametokea kwa bahati mbaya. Mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa kampuni ya Facebook, alikiri hadharani kwamba waliokuwa wakiijenga walijiuliza jinsi ya kuuchukua muda na fikira za mtu kwa kadiri kubwa iwezekanavyo. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo hiyo, alizitoa nje karatasi za ndani zilizoonyesha kwamba uchunguzi wao wenyewe ulikuwa umegundua madhara ya Instagram kwa baadhi ya wasichana. Mwaka 2023 majimbo yapatayo 40 ya Marekani yaliishitaki Meta mahakamani kwa madai ya kuwadhuru vijana, madai ambayo kampuni iliyakana. Ikiwa wazazi wa nchi yenye viwanda hivyo wameingiwa na hofu, mzazi wa Makambako asione haya kuuliza.

Msomaji mmoja huenda akatuambia, "Nyinyi wazee mna kawaida ya kulalamika. Nanyi mlipokuwa vijana mlikuwa na vishawishi vyenu." Hoja hiyo ina haki ya kujibiwa. Sisi tuliosoma katika shule za misheni miaka ya tisini twaikumbuka kengele ya usiku, iliyoamuru taa zizimwe na kila mtu alale. Na twakiri kwamba baada ya kengele tulijifunika blanketi gubigubi, tukawasha tochi ndogo, tukasoma vitabu vya hadithi ambavyo walimu wetu hawakuvipenda. Asubuhi tulisinzia kanisani. Je, tofauti iko wapi?

Tofauti ya kwanza ni kwamba kitabu kina ukurasa wa mwisho. Hadithi ilikwisha, betri za tochi zikaisha, nasi tukalala. Katika mitandao hii ukurasa wa mwisho umeondolewa kwa makusudi: kidole kikisukuma juu, habari nyingine hupanda, na nyingine nyuma yake, bila kikomo. Tofauti ya pili ni kwamba kitabu kilikuwa hakitujui. Hakikuweza kutambua kwamba tunapenda mpira, au kwamba tunaogopa kuchekwa, kisha kikajigeuza kulingana na udhaifu wa kila mmoja wetu. Simu ya leo yafanya hivyo kila dakika.

Shirika la UNESCO, katika taarifa yake ya mwaka 2023 juu ya teknolojia katika elimu, lilieleza kwamba mwanafunzi aliyevutwa nje ya somo lake aweza kuchukua hata dakika 20 kabla akili yake haijarudi pale ilipokuwa. Basi simu ikilia mara tatu tu katika saa moja ya kujisomea, saa nzima yaweza kupotea, ingawa kijana amekaa mezani na kitabu ki wazi mbele yake. Mzazi achunguliaye dirishani huona mtoto anasoma, kumbe ni meza tu inayosoma.

Tuiweke lumbesa hii juu ya mizani. Tuchukue kijana apotezaye saa 2 tu kila usiku, tena tumsamehe siku 65 katika mwaka. Katika siku 300 zilizobaki amepoteza saa 600. Tukihesabu saa 5 za masomo kwa siku moja, hizo ni siku 120 za shule. Mwaka wetu wa masomo una siku 194. Maana yake ni kwamba kijana huyu ametoa zaidi ya nusu ya mwaka wa shule, na katika miaka minne ya sekondari ametoa miaka miwili na zaidi. Serikali iliondoa ada kuanzia shule ya msingi mpaka kidato cha nne mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Wananchi wamechangia mawe, mchanga na nguvu zao kujenga shule za kata. Je, tumejenga madarasa ili watoto waje kulala humo?

Vijana nao wana neno, nasi tuliwasikiliza. Wengine walituonyesha mitihani ya miaka iliyopita waliyoipata kwa simu. Walituonyesha makundi ya WhatsApp ambamo hutumiana maswali ya hesabu, na somo la kemia ambalo mwalimu wa mbali alilieleza katika video kwa Kiswahili safi. Hayo ni kweli, na katika shule yenye upungufu wa vitabu au walimu wa sayansi si jambo dogo. Mtu akisema simu zote zitupwe mtoni, atakuwa ametupa na maktaba.

Lakini Taifa hili limewahi kukabili jambo la namna hii, na likashinda. Mwaka 1973 redio ilikuwa ndiyo ajabu ya vijijini. Ilileta muziki, mpira na porojo pia. Serikali na Chama wakati ule hawakuwakataza watu redio. Waliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi nchi nzima, wakaisikiliza Radio Tanzania pamoja, wakiwa na kitabu na kiongozi wa kikundi. Kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozizunguka nyumba. Chombo kilikuwa kimoja, wasikilizaji wengi, saa yake ilijulikana, na baada yake palikuwa na kazi.

Simu ya kijana wetu ni kinyume cha hayo yote. Chombo kimoja, mtazamaji mmoja, hakuna saa, na baada yake hakuna kazi. Hapo ndipo ilipo kasoro, na hapo ndipo pa kuirekebishia. Dawa ya simu ni kuitoa chini ya blanketi na kuileta sebuleni, mbele ya watu, kwa saa inayojulikana.

Ni nani wa kuileta? Tusimtafute mbali. Tangu mwaka 2020 laini ya simu isiyosajiliwa kwa alama za vidole huzimwa, na usajili huo hufuata kitambulisho cha Taifa, ambacho kwa kawaida hupewa mtu aliyetimiza miaka 18. Basi laini iliyo mfukoni mwa mtoto wa kidato cha pili imesajiliwa kwa jina la nani? Nyuma ya kila simu ya mtoto kuna kidole cha mtu mzima. Aweza kuwa baba, mama, kaka au shangazi. Kidole hicho kilipowekwa kwenye mashine kiliweka dhamana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtwika mzazi wajibu wa kumlinda mtoto na kumwongoza. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Na pale ambapo kidole hicho si cha mzazi wala cha ndugu, mambo ni ya hatari zaidi. Twasema wazi, kwa sababu Makambako ni mji wa wasafiri na wapita njia, na wazazi wenyewe walitusihi tuliseme: wapo watu wazima wanaowapa wasichana wa shule simu na vocha kama mvuvi atiavyo chambo. Binti akirudi nyumbani na simu ambayo hukuinunua, usianze kwa fimbo. Anza kwa kumwuliza kwa upole nani aliyempa, kisha mtafute mtoaji. Sheria ya Elimu, ilivyorekebishwa mwaka 2016, imeweka kifungo cha miaka 30 kwa ampaye mwanafunzi mimba. Lakini sheria huja baada ya maafa. Mzazi apaswa kuja kabla.

Nasi tusijifanye wasafi. Siku chache baada ya kurudi kutoka Njombe, tulimwamuru binti yetu aiweke simu chini ale chakula. Alitujibu kwa adabu, "Sawa, baba. Nikiiweka yangu, na wewe utaiweka yako?" Tulitazama mkononi. Ilikuwamo. Tulikuwa tumekaa mezani robo saa nzima tukisoma maneno ya watu tusiowajua, na hatukuwa tumemwuliza binti huyo hata neno moja juu ya shule. Hatukuwa na jibu. Tuliiweka chini.

Kwa hiyo, ndugu wanachama na ndugu wafanyakazi, haya twayaandika kwanza kwa ajili yetu wenyewe. Kila nyumba na iwe na mahali pamoja pa kulaza simu, mezani au juu ya kabati, na ikifika saa tatu usiku simu zote zilale hapo, ya baba ikiwa ya kwanza. Mzazi ambaye mwanawe amepanga chumba karibu na shule amwachie simu ndogo ya kupigia na kupokea tu; hiyo yatosha kumjulia hali, na haina video. Wazazi wa wanafunzi waliopanga nyumba moja wapatane na mwenye nyumba, ambaye naye ni mzazi, ili awe na macho. Simu yenye intaneti itumike siku ya mapumziko, wanafunzi wakiwa kundi, na swali la somo likiwa limeandikwa karatasini kabla simu haijawashwa. Hiyo ndiyo Mtu ni Afya ya leo.

Shule zetu haziruhusu mwanafunzi kuingia na simu darasani, na twaunga mkono katazo hilo. Lakini mwalimu hana mamlaka chini ya blanketi. Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Ufaransa ilipiga marufuku simu katika shule za watoto mwaka 2018, na Australia imeitaka mitandao mikubwa, kuanzia Desemba 2025, isiwape akaunti watoto walio chini ya miaka 16. Yafaa wabunge wetu wajifunze kutokana na mifano hiyo. Hata hivyo mtihani wa Novemba hautangoji muswada.

Tena lipo deni la matawi yetu. Kijana akiondolewa simu saa kumi na mbili jioni, aende wapi? Uwanja wa mpira uko wapi? Chumba chenye taa, meza na vitabu kiko wapi? Ofisi nyingi za Chama hufungwa jioni, na ndani yake mna viti na umeme. Tawi litakalofungua mlango wake kwa wanafunzi kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu usiku, likamweka mwanachama mmoja kuwasimamia, litakuwa limefanya kazi ya siasa iliyo bora kuliko hotuba nyingi.

Tulipomwaga yule mama wa Njombe alituuliza kama tumekuja kununua viazi au kuuliza maswali tu. Tulinunua debe moja. Alilijaza mpaka ukingoni, akapitisha kiganja chake juu kulisawazisha, akasema, "Hapa hakuna lumbesa. Debe ni debe." Hilo ndilo tunalomtakia mwanawe: saa iwe saa, usiku uwe usiku, na miaka minne ya shule iwe miaka minne.